Je, Ni Halali Kumpa Nduguyo Figo?

Swali la leo si la watu wa mbali. Katika nyumba nyingi za nchi yetu mambo huanza hivi. Mtu alikuwa mzima, akilima, akifundisha, akiendesha gari lake. Kwanza alivimba miguu, akadhani ni uchovu. Kisha uso nao ukavimba asubuhi, chakula kikamchukiza, pumzi zikamwishia njiani. Alipofika hospitali akaambiwa kwamba figo zake zote mbili hazifanyi kazi tena. Tangu siku ile maisha yake yamefungwa kwenye mashine isafishayo damu, mara tatu kwa juma, muda wa saa nne kila mara. Na ukoo wachanga fedha, wauza ng'ombe, wauza na shamba. Hata siku moja daktari awaita ndugu na kuwaambia: Iko njia nyingine. Mmoja wenu aweza kumpa figo yake.

Hapo watu hunyamaza. Wengine watazama chini. Mama mzee asema, "Nichukueni mimi," naye umri wake miaka sabini na presha yake haishuki. Na jioni, wakiisha kurudi nyumbani, maswali yaanza kutoka. Je, si dhambi kukata kiungo kizima cha mtu mzima? Je, mtoaji hatakufa naye, tukazika wawili badala ya mmoja? Je, siku ya ufufuo atafufuka na figo moja? Maswali haya ni ya watu wenye akili, wala hatupendi desturi ya kuyacheka. Yapaswa kujibiwa, tena kwa ukweli wote, hata pale ukweli usipopendeza.

Kwanza tujue figo ni kitu gani. Mwenyezi Mungu ametupa mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nazo zakaa upande wa mgongoni chini ya mbavu. Kwa mchana na usiku mmoja huchuja maji ya damu yapata lita 180, maji yale yale yakipita na kurudi mara nyingi. Katika hayo yote hutoka mkojo wa lita moja na nusu au mbili tu, umebeba taka ambazo zikibaki mwilini huua. Figo moja ikiondolewa, ya pili huongezeka ukubwa na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Wako hata watu waliozaliwa na figo moja, nao hawakujua neno hilo mpaka siku walipopigwa picha ya tumbo kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa.

Hayo madaktari waliyajua zamani. Kilichowashinda ni jambo jingine: mwili wa binadamu humtambua mgeni. Ukitia ndani yake nyama ya mtu mwingine, damu huishambulia kama inavyoshambulia ugonjwa, na baada ya siku chache nyama ile hufa. Basi walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena.

NDUGU WAWILI WA BOSTON

Mwaka 1954, huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Richard Herrick, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akifa kwa ugonjwa wa figo. Kaka yake mkubwa alimwuliza daktari kama yeye aweza kutoa figo yake. Akajibiwa kwamba haiwezekani. Lakini katika mazungumzo yale daktari akakumbuka kwamba mgonjwa alikuwa na pacha wake, jina lake Ronald, na ya kuwa wawili hao walifanana mno. Mapacha wa namna hiyo hutoka katika yai moja. Kwa damu na nyama ni kama mtu mmoja aliyegawanyika. Huenda mwili wa Richard usimtambue Ronald kama mgeni.

Wakapelekwa katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston. Huko madaktari hawakutaka kuamini macho tu. Waliwapeleka polisi wakachukuliwa alama za vidole. Wakakata kipande cha ngozi ya mmoja wakakipandikiza kwa mwenzake, wakangoja. Ngozi ikashika.

Hapo ndipo hofu kubwa ilipoanza, nayo ilikuwa hofu ya madaktari wenyewe. Daktari huapa kumtendea mgonjwa mema wala asimdhuru. Lakini Ronald hakuwa mgonjwa. Alikuwa kijana mwenye afya, ambaye angepasuliwa tumbo na kupunguziwa kiungo kizima, pasipo faida hata moja kwa mwili wake. Je, daktari anayo haki hiyo? Mkuu wa upandikizaji ule, Dr. Joseph Murray, alikuwa Mkatoliki. Yeye na wenzake walitafuta shauri kwa viongozi wa dini mbalimbali na kwa wanasheria kabla ya kushika kisu. Sisi twaona jambo hili lawapa heshima kuliko hata ufundi wao.

Tena, katika mkutano wa mwisho, Ronald aliuliza swali ambalo kila mtoaji wa kwetu angeuliza: je, hospitali itanitunza maisha yangu yote? Daktari mwenye kazi ya kuitoa figo yake alimwambia wazi kwamba hospitali haiwezi kutoa ahadi kama hiyo. Kisha naye akamwuliza: katika watu waliomo chumbani humu, wadhani yuko hata mmoja atakayekataa kukusaidia siku ukiwa na shida? Ronald akafikiri, akaelewa. Alikuwa akiweka maisha yake mikononi mwa watu, si mikononi mwa karatasi.

Usiku wa kuamkia siku ile, Richard akiwa kitandani alimwandikia pacha wake maneno machache, akimsihi aondoke hospitalini arudi nyumbani. Ronald akajibu kwa maneno machache vilevile, kwamba yupo na atabaki. Asubuhi ya tarehe 23 Desemba 1954 wakapasuliwa wote wawili, vyumba viwili kwa wakati mmoja. Figo ya Ronald ilikaa dakika 82 bila damu. Mishipa ilipofunguliwa ikageuka rangi na kuwa nyekundu, na mkojo ukaanza kutoka pale pale mezani.

Richard akapona. Alimwoa mwuguzi aliyemtunza, wakazaa watoto wawili, akaishi miaka minane hata alipofariki mwaka 1963. Dr. Murray alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990. Na Ronald? Huyu ndiye tumtakaye, maana watu humsifu daktari na mgonjwa wakamsahau yule wa tatu. Ronald alifundisha hesabu shuleni, akalima shamba lake, akaishi na figo moja miaka 56. Alifariki mwezi wa Desemba 2010, mwenye umri wa miaka 79.

LASEMA NINI KANISA?

Wakati ule wataalamu wa elimu ya Mungu katika Kanisa walikuwa wakibishana, wala hawakubishana bure. Mafundisho ya zamani ni kwamba mtu si mwenye mwili wake kama mtu alivyo mwenye jembe lake. Ameukabidhiwa na Mungu autunze. Yaruhusiwa kukata mguu uliooza, kwa sababu kiungo ni kwa ajili ya mwili mzima, na bora kiungo kimoja kipotee mwili upone. Lakini figo ya Ronald haikuoza. Tena mwili uliopona haukuwa mwili wake, bali wa mwingine. Kwa hiyo wengine walisema: hapana, huko ni kujikata bure.

Wengine wakajibu kwamba wanadamu si vitu vilivyotengana kama mawe ya ukuta. Anayejitia motoni kumtoa mtoto wa jirani twamsifu, ingawa anauhatarisha mwili wake wote. Itakuwaje basi tumlaumu atoaye sehemu asiyoihitaji ili aishi? Wakaweka mpaka mmoja, nao ni wa maana sana: mtoaji asiharibiwe kazi ya mwili wake. Figo moja yatosha kuchuja damu. Kwa hiyo aweza kutoa ya pili. Moyo ni mmoja tu. Kwa hiyo aliye hai hawezi kuutoa, hata akitaka, hata kwa mwanawe.

Shauri hili ndilo lililokubaliwa hatimaye. Tarehe 14 Mei 1956 Papa Pius XII alisema na madaktari wa macho na chama cha kuwasaidia vipofu, akafundisha kwamba si vibaya kuchukua konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kutoka kwa maiti ili kipofu aone. Lakini akaonya pia kwamba maiti ya mkristo si mzoga, na kwamba huzuni ya ndugu zake yapasa kuheshimiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2296, yafundisha ya kuwa kutoa kiungo ni jambo jema endapo hatari ya mtoaji inalingana na faida itafutwayo kwa mpokeaji, na endapo mwenyewe amekubali. Si halali kumfanya mtu kilema au kumwua ili mwingine aishi. Naye Papa Yohane Paulo II, alipohutubia mkutano wa madaktari wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alikuita kutoa huko tendo la upendo, akalaani biashara yoyote ya viungo vya binadamu.

Kuhusu ufufuo tutajibu kwa ufupi. Mwaka 1886 pale Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto hata wakawa majivu. Hakuna Mkatoliki wa Afrika Mashariki aoneaye shaka ufufuo wao kwa kuwa miili yao iliungua. Aliyewaumba pasipo kitu hatashindwa kumrudishia mtu figo yake.

NA WALIOKUFA?

Mtu aweza kutoa hata baada ya kufa, na hapo idadi ya waponao huongezeka, kwa kuwa mwili mmoja una figo mbili, ini, moyo, mapafu na konea mbili. Mfano mkubwa watoka katika bara letu hili. Siku ya Jumamosi, tarehe 2 Desemba 1967, jamaa moja ya mji wa Cape Town ilikuwa njiani kuwatembelea rafiki zao, wakasimama kununua keki. Mama na binti yake, Denise Darvall, mwenye miaka 25, walipokuwa wakivuka barabara waligongwa na gari. Mama alifia pale pale. Binti alipelekwa hospitali ya Groote Schuur, kichwa kimevunjika, bila tumaini lolote.

Madaktari wakamwendea baba yake, Bwana Edward Darvall, mtu aliyempoteza mke mchana ule ule, wakamwomba moyo na figo za mwanawe. Husimuliwa kwamba alifikiri kwa dakika nne tu. Akakubali. Moyo ulitiwa katika kifua cha Louis Washkansky, naye Dr. Christiaan Barnard akajulikana duniani kote kwa usiku mmoja. Mgonjwa yule aliishi siku 18, akafa kwa homa ya mapafu. Lakini figo moja ya Denise, jambo ambalo wengi hawalijui, alipewa mtoto wa kiume wa miaka kumi ambaye sheria za ubaguzi za Afrika ya Kusini zilimhesabu kuwa chotara. Msichana mzungu na mtoto yule hawakuruhusiwa kuketi benchi moja. Figo haikuuliza.

Kwa waliokufa Kanisa lataka mambo mawili: iwe yakini kabisa kwamba mtu amekufa, kwa dalili ambazo madaktari wamezithibitisha pasipo haraka, na awe amekubali mwenyewe alipokuwa hai, au wenye haki ya kumsemea wawe wamekubali. Bwana Darvall alilazimika kuamua katika saa iliyo mbaya kuliko zote. Baba na mama wenye hekima wasingoje saa kama ile ndipo wazungumze.

MAMBO YALIVYO KWETU

Hata hivyo, kwetu swali kubwa ni la mtoaji aliye hai. Zamani wagonjwa wetu wa Tanzania walipelekwa India, na ndugu mtoaji akasafiri pamoja nao. Mwezi wa Novemba 2017 madaktari wa Muhimbili, wakisaidiana na wenzao wa India, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiwa na madaktari wa Japani. Jirani zetu wa Kenya walitangulia kwa miaka mingi katika Hospitali ya Kenyatta. Upandikizaji huu wetu umetegemea figo za ndugu. Yaani ndugu akikosekana, mashine yaendelea.

Wala si lazima tena kuwa pacha. Tangu miaka ya 1960 zilipatikana dawa za kuutuliza mwili usimfukuze mgeni, na dawa bora zaidi zikaja katika miaka ya 1980. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, kila wawili, wana bahati moja katika nne ya kufanana kabisa katika alama zile za mwili zitazamwazo. Lakini hata wasiofanana sana hupandikiziana siku hizi. Figo za zamani kwa kawaida haziondolewi. Ile mpya hukaa chini ya tumbo, karibu na nyonga, ikaungwa na mishipa ya pale na kibofu.

Tusidanganyane, hatari ipo. Katika watoaji elfu kumi, wapata watatu hufa kwa sababu ya kupasuliwa. Idadi hii ni ndogo, lakini mama wa mmoja wa wale watatu haioni ndogo. Kidonda chaweza kuingia vijidudu. Mwanamke aliyetoa figo akichukua mimba baadaye, hatari ya presha ya mimba huongezeka kidogo, na yafaa aambiwe kabla si baada. Hatari ya figo iliyobaki kuharibika uzeeni nayo huongezeka kidogo. Kwa sababu hiyo madaktari humkataa mwenye kisukari, na mwenye presha kali, na mtoto asiyetimiza umri. Na yule mama mzee wa miaka sabini tuliyemtaja mwanzo huenda akarudishwa nyumbani akilia.

Naye mpokeaji ajue kwamba figo ya ndugu si ya milele. Kwa wastani hudumu miaka 15 hadi 20, wengine zaidi, wengine chini yake. Atameza dawa kila siku maisha yake yote. Akiziacha kwa sababu amejisikia mzima, au kwa sababu fulani amemwambia kuna mizizi inayotibu, ameitupa zawadi ya nduguye jalalani. Tumeliandika neno hili kwa ukali makusudi.

Sasa twafika pale panapotusumbua kuliko pengine pote, napo si hospitalini bali katika kikao cha ukoo. Zawadi ikitolewa kwa nguvu imekoma kuwa zawadi. Nasi twajua mambo yanavyokwenda. Kijana mdogo wa mwisho, asiye na kazi, asiye na mke, ambaye ada yake ya shule ililipwa na kaka mgonjwa, huambiwa, "Wewe ndiwe unayefaa." Shangazi amkumbusha wema aliotendewa. Mjomba amwambia kwamba kaka akifa damu yake itakuwa juu yake. Kijana akubali, huku akitetemeka. Je, hiyo ni sadaka? Kutoa figo hakumo katika amri za Mungu, wala asiyetoa hakutenda dhambi. Anayo haki ya kuogopa. Mwenye mke na watoto wachanga anayo haki ya kuwafikiria, na mkewe anayo haki ya kusikilizwa. Asitukanwe kuwa mchoyo.

Madaktari wenye busara hulijua jambo hili. Humwita mtoaji peke yake, mlango umefungwa, wakamwuliza kama ataka kweli. Akisema hapana, huwaambia ndugu kwamba hafai tu, wala hawaelezi zaidi. Ndugu wa mgonjwa, mkipata jibu hilo, msilichimbe.

Kuna na ubaya wa upande wa pili, wa wenye fedha. Mtu ana ndugu watano wazima, lakini aona haya kuwaomba, amtafuta maskini wa mji mwingine amlipe. Maskini atoa figo kwa deni la kodi ya nyumba, deni larudi baada ya mwaka, na figo hairudi. Kumrudishia mtoaji nauli, chakula na mshahara wa siku alizokosa kazini si ununuzi. Hiyo ni haki yake. Ukoo uliochangia mashine usimwachie yeye gharama zake.

Basi mkishapata mtu aliye radhi na aliyepimwa akafaa, kazi yenu haijaisha. Baada ya kupasuliwa atahitaji majuma manne hadi sita ya kupumzika, asiinue gunia wala ndoo ya maji, asishike jembe. Mwulizane mapema ni nani atakayelima shamba lake katika majuma hayo, na nani atakayechota maji nyumbani kwake. Kila mwaka apimwe presha, damu na mkojo, hata akijiona mzima kabisa. Na nauli ya kwenda kupimwa, mgonjwa aliyepona aitoe yeye mfukoni mwake.